Tasnifu ya Mto Nisioujua

Ndugu zangu wa jumuiya, nimesimama kwa aibu, lakini nimesimama. Mimi ni mwalimu wa jiografia, mwenye shahada, na kwa miaka minne, chumbani kwangu Kiwalani, niliwaandikia watu tasnifu zao kwa malipo. Wao walivaa majoho, mimi nilinyamaza.

Mmoja alitaka habari za mto Mackenzie, kaskazini mwa Kanada. Sikuusoma vya kutosha. Niliandika kwamba hufurika kwa mvua ya milimani, kwa kuwa hivyo ndivyo mto wetu Msimbazi unavyotufanyia. Nikaongeza kwamba uligunduliwa na mgeni ambaye umepewa jina lake, ilhali wenyeji waliishi kingoni mwake, wakiuita Mto Mkuu, na ndio waliomwongoza. Nawaambia, mtoto wa nchi hii kuandika "uligunduliwa"! Hata leo nikikumbuka, mate yananijaa kama mtu anayetaka kutapika.

Mwaka jana tuliitwa semina ya walimu, Temeke. Mwezeshaji akaingia: ni yule yule wa Mackenzie, sasa anaitwa Daktari. Akasoma sentensi zangu neno kwa neno, na walimu wakanakili kwa bidii. Nilimwonea kinyaa, kisha kinyaa kikanigeukia mwenyewe, maana uchafu ule ulitoka kwangu.

Mama mmoja, mwalimu mkongwe, alikuwa kando yangu. "Mwalimu, mbona jasho na feni inazunguka?"

"Mama, hayo si kweli."

"Wajuaje?"

"Nimeyaandika mimi."

Akaweka kalamu chini. "Basi simama useme yote, mwanangu. Ukitapika nusu, iliyobaki itakuozea tumboni."

Nikasimama. Nikaeleza kwamba mto ule huelekea kaskazini: barafu ya kusini huyeyuka mapema, huku mbele kungali kumeganda, maji yakakosa pa kupita, yakafurika; na kwamba wenyeji waliujua kabla ya mgeni yeyote.

"Wewe umesoma wapi?" aliuliza Daktari.

"Chumbani nilimokuandikia tasnifu yako; ila mto nimeusoma baadaye."

"Kumbe tunafundishwa na kasuku!" mtu akadakia. Wakacheka.

Nilipewa barua ya onyo, nilistahili zaidi. Namshukuru mama yule, aliyefuatana nami shule kwa shule tukisahihisha madaftari ya walimu. Namshukuru mke wangu, aliyekataa kunitungia visingizio. Nanyi mlionisikiliza bila kugeuza nyuso, asanteni.

Nililojifunza ni hili: uongo ulioandikwa vizuri haufi wenyewe. Aliyeuandika sharti aufuate kwa miguu yake, daftari kwa daftari. Zimebaki shule tatu. Kesho naenda ya Boko.