Meno ya Wagonjwa na Kifaru cha Bundi: Tunamuaga Naftaly Kiogora

Ijumaa tarehe 27 Septemba 2024, Bwana Naftaly Kiogora atalivua koti lake jeupe la maabara ya meno kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Embu kwa miaka thelathini na mitano. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu mfupi, wa heshima, usio na porojo. Ufupi nitajaribu. Heshima ipo. Hilo la tatu wangemwomba mtu mwingine, kwa maana mimi nimekaa mapokezi ya Idara ya Meno, mlango kwa mlango na Kiogora, na mengi nimeyaona kwa macho yangu.

Alizaliwa Muthara, Tigania Mashariki, akiwa kitindamimba wa nyumba iliyojaa wavulana. Alisomea Nairobi kazi ya kutengeneza meno ya bandia, akaletwa kwetu mwaka wa 1989 akiwa na sanduku moja na Kiswahili cha Kimeru kitupu. Watu wa Embu tulimcheka jinsi anavyoongea, naye akatucheka sisi, na mpaka leo hakuna aliyemrekebisha mwenzake.

Kazi yake mnaijua, hata kama hamjawahi kuingia chumbani mwake. Unachukuliwa umbo la kinywa, anamwaga plasta, anapanga meno kwenye nta, anachemsha, anasugua mpaka yanang'aa. Ukimwona mzee sokoni akitafuna mahindi ya kuchoma huku akibishana na mwenye duka, kuna uwezekano mkubwa ametoka mikononi mwa Kiogora. Na hakuruhusu mgonjwa aondoke hivihivi. Kwanza alimsomesha Zaburi kwa sauti, asikie kama meno yanapiga filimbi. Wageni wengi waliokaa kwenye benchi langu walidhani mle ndani mna ibada, na mmoja alishawahi kuvua kofia.

Ni yeye aliyeanzisha safari za idara kwenda upande wa Mbeere, ili wazee wa huko wasilazimike kupanda hadi huku bila jino la kutafunia chakula cha njiani. Amewafunza mafundi wa maabara ambao sasa wako katika hospitali za kaunti jirani, na wote wana ugonjwa wake wa kusugua kitu ambacho tayari kinang'aa.

Basi tuje kwenye vifaru, maana najua ndivyo mnavyosubiri.

Miaka ya tisini, daktari mmoja wa meno kutoka Uholanzi, aliyekuwa amejitolea kwetu, alirudi kwao akaacha boksi kwenye droo ya maabara. Kiogora alilifungua akidhani ni vifaa vya kazi. Kumbe ndani mlikuwa na kifaru cha kivita, kile cha jeshi, kikiwa vipande vipande vya plastiki vya kuunganisha kwa gundi, kila kitu kimepunguzwa mara thelathini na tano, kikikamilika kinakaa kwenye kiganja. Mtu mwingine angewapa watoto wachezee. Yeye alikiunda saa za chakula cha mchana kwa kibanio cha kushikia meno, na alipomaliza hakufurahi hata kidogo. Alisema vishikio vya pembeni ni vinene kama mpini wa jembe. Akavibandua vyote, akakunja vingine kwa waya mwembamba wa meno.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Asiyeelewa na awaangalie watu wa mji wa Maua, kule Meru. Mtu ananunua pikapu mpya ya kubebea miraa, na kabla haijapata vumbi ameshaitia springi za ziada, keria ya juu na taa za ukungu, kwa sababu kile kilichotoka kiwandani hakimtoshi. Kiogora ni hivyohivyo, isipokuwa pikapu yake inaingia mfukoni. Mtandao ulipofika Embu akagundua kwamba huko Poland na Japani kuna watu ambao kazi yao ni kutengeneza vipuri vya kuboresha vifaru hivi vidogo: mitutu ya chuma, minyororo inayounganishwa pingili kwa pingili, wavu wa shaba mwembamba kuliko karatasi, na kizibo cha tangi la mafuta ambacho ukikichanganya na wimbi utakisaga. Vifurushi vikaanza kuja. Kipuri ambacho hakukipata alikitengeneza mwenyewe kwa akriliki ya ufizi, ile ya wagonjwa, ambayo kama mjuavyo ni ya pinki. Kwa hiyo vifaru vya Kiogora, kabla ya kupakwa rangi, vilikuwa na ufizi. Tulimwambia jeshi lake litawashinda maadui kwa kuwachekea.

Siwezi kupita hapa bila kumtaja Mzee Njiru wa Ishiara, na yeye mwenyewe ameniruhusu. Kiogora alikuwa na tabia ya kuchemsha vipuri vyake kwenye sufuria moja na meno ya wagonjwa, kisha kuviweka katika viboksi vyeupe vinavyofanana. Mzee Njiru ndiye aliyechaguliwa na ukoo wake kuwa msemaji kwenye ruracio ya mpwa wake, yaani mazungumzo ya mahari, na msemaji asiye na meno ni hasara kwa ukoo mzima. Akachukua boksi lake, akawahi gari la kurudi nyumbani kabla ya mvua. Alipolifungua akakuta magurudumu sita ya pinki na kifuniko kimoja. Mwingine angetutukana. Mzee Njiru aliwaza kwamba hospitali zimeendelea, kwamba siku hizi meno huja kwa awamu, na kwamba hivi bila shaka ndivyo vya kusimamishia meno. Alijaribu kuvipanga kinywani mbele ya kioo. Asubuhi alifika dirishani kwangu akaniuliza kwa adabu kabisa ni vipi vya juu na ni vipi vya chini.

Kiogora alitamani ardhi ipasuke aingie. Alimvisha meno yake, akamsomesha Zaburi, kisha akamsindikiza mwenyewe mpaka kwenye ruracio, ambako Mzee Njiru alizungumza sana hata wakwe wakamsihi akae wale. Baada ya hapo Matroni Celina alitoa sheria: meno beseni jeupe, vifaru beseni la kijani, na atakayechanganya atanitambua. Sheria hiyo iko hai mpaka leo.

Lakini kuna kifaru kimoja ambacho nisipokisimulia nitakuwa sijamuaga mtu huyu.

Kakake mkubwa, Bundi, ndiye aliyemsomesha. Bundi aliingia jeshini akiwa kijana na akaendesha kifaru, kile cha kweli, mpaka alipostaafu na kurudi Muthara kulima na kufuga ng'ombe. Miaka michache iliyopita alipata presha ya macho, akachelewa kwenda hospitali, kama wanaume wa huko wanavyochelewa. Daktari wa macho alimweleza wazi kwamba mwanga uliokwenda haurudi, na uliobaki nao utaondoka polepole. Akawa anakuja kliniki Embu na kulala kwa mdogo wake.

Siku moja aliisogelea rafu ambayo Kiogora hupangia vifaru vyake mpaka pua ikagusa, akaviangalia kimoja baada ya kingine, kisha akakasirika. Vya Wajerumani vipo, vya Warusi vipo, vya Waamerika vipo, na cha ndugu yako aliyekupeleka shule hakipo. Alimwagiza Kiogora amtengenezee kifaru alichoendesha yeye, kilekile, na alitaka kukiona kabla giza halijafunga. Hakuna aliyejua giza lingefunga lini.

Sasa kifaru cha namna ile hakikupatikana dukani. Kilichokaribiana nacho kilikuwa na kichwa tofauti, pale juu panapozunguka na mzinga. Ikabidi karibu kila kitu kiwe kipuri cha kuongezea: mtutu kutoka Poland, wavu wa shaba, minyororo ya chuma, na kichwa chenyewe Kiogora akakichonga kwa nta na kukimwaga kwa akriliki ya pinki. Bundi ndiye aliyekuwa mkaguzi. Kila alipokuja kliniki alishika kioo cha kukuzia akaanza kukataa. Sanduku la vifaa linakaa kushoto. Taa ina kinga ya chuma. Ndoano ni fupi mno. Kiogora alibandua, akarudia, akabandua tena. Sisi tulimpigia kelele. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, tukamwambia, bandika hiyo taa upake rangi, macho ya watu hayangoji. Alitujibu kwamba mtu anayeangalia kwa mara ya mwisho hapewi uongo.

Minyororo ndiyo iliyotuua. Kifurushi kilipotelea njiani kwa miezi, na kilipofika kilikuwa na pingili ndogo kama mbegu za nyanya, kila moja na vipini vyake. Matroni Celina, yule wa beseni la kijani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta kibanio chake cha nyusi. Wauguzi wakafuata, na mimi nikafuata. Saa za chakula tulikaa kuizunguka meza ya maabara kama watu wanaochuma kahawa, mikono inakwenda na umbea unakwenda, mpaka minyororo yote miwili ikakamilika na kuviringika vizuri kwenye magurudumu. Ikabaki rangi tu.

Wiki hiyohiyo Bundi aliingia akiwa ameshikwa mkono na mkewe, Teresia. Alinisalimia vizuri, kwa jina, akiuangalia ukuta ulio kando yangu.

Kiogora alitoka maabara, akasimama, akamwona, akarudi ndani akafunga mlango. Mimi nililia pale dirishani, na sioni haya kuandika hivyo.

Bundi akauliza mdogo wake amejificha kwa nini, na kifaru chake kiko wapi. Matroni alikileta kwenye trei akakiweka magotini pake. Alianza mbele, kwenye mdomo wa mtutu, akarudi nyuma polepole kwa ncha za vidole, akitaja kila alichogusa kwa Kimeru na kwa lugha yao ya jeshini. Alipapasa wavu wa shaba. Alisukuma mnyororo kwa kidole gumba, ukaviringika. Wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba waliinuka kwenye benchi waje kuangalia. Akafika kwenye kifuniko cha dereva, akakiinua kwa ukucha, akakifunga, akakiinua tena. Uso ukakunjamana. Akasema kwa sauti iliyofika hadi duka la dawa kwamba kifuniko hiki kinafungukia upande usiofaa, kwamba dereva akitoka hapa atapigwa kichwa na mzinga, na ni nani mjinga aliyefanya kazi hii.

Kifuniko hicho tulikuwa tumekiangalia sote kwa kioo cha kukuzia. Bundi mwenyewe, alipokuwa bado anaona, alikipitisha.

Mlango wa maabara ukafunguka. Kiogora akatoka akiwa na macho mekundu na akaanza kubisha. Wazee wawili wa Muthara wakabishana katikati ya mapokezi yangu kuhusu kitu chenye ukubwa wa harage, huyu akitaja picha alizoziona kwenye mtandao, yule akitaja kichwa chake kilichokuwa kikitokea pale kila siku ya kazi. Kiogora ndiye aliyeshindwa. Akacheka, na Bundi akacheka mpaka trei ikamtetemekea magotini. Teresia aliniambia kando kwamba ni ubishi wa kwanza mumewe kuupata kwa wiki nyingi. Tangu macho yazidi kufifia, watu walikuwa wakimkubalia kila anachosema, wakimletea kiti, wakimhamisha kutoka juani kama mahindi ya kuanika.

Kifuniko kiligeuzwa. Kiogora akaandaa rangi ya kijani ya jeshi, na Bundi akakataa. Rangi ingejaza mashimo na kufunika bolti, na vidole vyake vingepotea. Kwa mtu ambaye hajawahi kuruhusu hata jino moja litoke bila kusuguliwa, hili lilikuwa gumu, na alilitafuna kwa siku kadhaa. Mwishowe kifaru kilikwenda Muthara kama kilivyokuwa: plastiki ya kijivu, shaba ya manjano, kichwa cha pinki. Wajuzi wa mchezo huu wangesema hakijaisha. Ndicho kizuri kuliko vyote alivyowahi kuunda.

Kliniki moja ya mjini ilimwomba aende kwao baada ya kustaafu, akakataa. Anarudi Muthara. Bundi ameshaagiza lori lile kubwa linalobeba vifaru barabarani, lisilopakwa rangi, lenye kila bolti, na ametuma ujumbe kwamba safari hii hatapitisha chochote kwa huruma.

Kiogora, Baba Makandi, tunakushukuru kwa niaba ya kila kinywa ulichokirudishia maneno. Tunamshukuru mkeo, Mama Makandi, Felicitas, aliyekuvumilia na shaba kwenye kapeti na gundi mezani. Pale maabara patakuwa kimya, na mimi nitakukosa kuliko nitakavyokubali nikiulizwa. Nenda salama nyumbani. Mungu akupe mikono isiyotetemeka, na akuachie kwa miaka mingi ndugu wa kukuambia umekosea.

Wambeti,
Mapokezi, Idara ya Meno