Mlonge wa Ulaya

Yudith alijitakia mwenyewe. Ndani ya basi la Kilosa kwenda Mikumi, nani alimtuma amuulize binti wa pembeni yake habari za boksi tupu alilopakata?

"La majani ya mlonge, mama," alisema binti, mtafiti, aliyekwisha kumwamkia vizuri. "Yana viondoa sumu vinavyosaidia ngozi isiharibiwe na jua. Tunatengeneza losheni ya watu wenye ualbino."

"Ipo dukani?"

"Bado. Miaka sita iliyopita tulichuma hapo kijijini Ulaya, tukayapeleka Ulaya kupimwa." Binti akacheka. "Yaani Ulaya yenyewe. Majibu ni mazuri, sasa tunarudia."

Miaka sita iliyopita Lucas wa Yudith alikuwa darasa la nne, na kidonda chake cha mdomoni kilikuwa hakijazidi punje ya mtama.

"Mimi natoka Ulaya hii isiyo yenyewe," alisema. "Mwanangu alikuwa na ualbino. Jua limemla."

"Pole sana, mama."

Pole ilikuwa tayari. Losheni ndiyo bado.

"Ulaya hapa, shukeni!" konda alipaza sauti, basi likasimama.

Yudith akainuka. "Chumeni tu. Ila mlonge wa kaburini kwake msiuguse. Mwacheni na kivuli chake."