Mraba wa Dobi

Benchi la nje ya duka la kinyozi lilikuwa na miguu minne, mmoja wao tofali, na aliyekalia upande wa tofali alijua asicheke sana. Hapo ndipo wanaume wa mtaa walipomalizia siku kwa kahawa, drafti ya vifuniko vya soda na kesi za watu wasiokuwepo. Jioni hiyo kesi ilikuwa ya Dobi, mpiga pasi wa mtaa, na kwa bahati mbaya mwenyewe alikuwepo. Siku hizi alikuwa akifunga banda mapema, anapotea, kisha anarudi akitabasamu peke yake, mtu mzima mwenye wajukuu! Dobi alisikiliza ameinamia kikombe. Aliogopa kusema ukweli, maana ukichekwa kwenye benchi lile umechekwa mwaka mzima. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa na furaha kubwa na hakuwa na wa kugawana naye. Hata mkewe hakuwa amemwambia.

— Ni mwanamke, alisema Kinyozi akipuliza kahawa. Mwanaume hatabasamu hivi kwa sababu ya pasi.

— Mwanamke gani amtake huyu? alidakia Waziri, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuwahi kukosa jibu la jambo lolote, ingawa wizara hakuwa nayo. Huyu kapata madini chini ya banda lake. Anachimba, anafukia, kisha anakuja kutuzuga hapa.

— Madini gani, na kucha zimetakata vile? Labda kajiunga na wale wanaoongea na majini.

— Basi serikali imemnunua! Anapekua mifuko ya mashati yetu, anapeleka taarifa.

— Nasoma hesabu, alisema Dobi.

Benchi likacheka mpaka tofali likayumba.

— Hesabu! Si wewe uliyetoroka shule kwa kupitia dirishani, kisa hesabu?

— Ndiye mimi. Nilimpelekea mwalimu mmoja mashati yake, nikamkuta anafundisha watu wazima hesabu. Nikasimama mlangoni na mashati begani. Jamani, nilisimama mpaka yakajikunja upya.

— Uliona nini?

Mdomo haukutosha. Dobi akasukuma vifuniko vyote vya drafti kando.

— Wee! Nilikuwa nakaribia kuingia kingi! alilia Kinyozi.

— Tulia. Hiki kimoja. Tuongeze vitatu.

Akavipanga. Ukatokea mraba mdogo, viwili kwa viwili.

— Sasa vitano.

Akavizungushia pande mbili, kimoja kikakaa kwenye pembe. Mraba tena, vitatu kwa vitatu. Akaongeza saba, vikakaa vilevile, kama vilikuwa vinajua mahali pao. Mraba tena.

— Moja, tatu, tano, saba, Dobi alisema. Ongeza tisa, ongeza kumi na moja, kila safari mraba. Hakibaki kimoja, hakipungui kimoja.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alisogeza uso karibu.

— Hivyo vifuniko umevifanyia kitu.

— Ni kiwanda, alisema Waziri. Viwanda vina mikataba ya siri. Jaribu na vikombe tuone.

Wakaazima vikombe kwa muuza kahawa. Moja, tatu, tano. Mraba. Waziri akavipangua mwenyewe, akavipanga upya, mraba. Akajaribu na kokoto.

— Hata kokoto hazilingani ukubwa, na bado ni mraba! alinong'ona.

— Haijali unahesabu nini, alisema Dobi. Ilikuwa hivi kabla hatujazaliwa, nilipokuwa natorokea dirishani ilikuwa hivi. Nikifikiria, mwili unanisisimka.

Kinyozi alivua kofia bila kujua kwa nini.

Hapo ndipo kivuli kilipoangukia vifuniko. Alikuwa mke wa Dobi, khanga imefungwa kiunoni kwa ugomvi.

— Shemeji, karibu! walisema wote kwa pamoja, kwa unyenyekevu usio wa kawaida.

— Sijaja kukaribishwa. Mtaa mzima unasema mume wangu ana mtu. Yuko wapi?

Dobi akaonyesha vifuniko.

— Ni hivi hapa, mama watoto. Nasoma hesabu.

Aliyasema akiwa ameinama, kwa sababu kicheko cha benchi angekivumilia, cha mkewe asingekiweza. Akamwonyesha toka mwanzo, moja, tatu, tano, saba. Mkewe alisimama mikono kiunoni, macho yakifuata kila kifuniko. Dobi alipomaliza, mkewe alifungua khanga kiunoni, akaitupa begani, akainama.

— Na mkianza na mbili?

— Mbili vipi, shemeji? aliuliza Waziri.

— Mbili, kisha nne, kisha sita. Hizo nazo zinakaa umbo gani? Na zenyewe ni namba, au hazina mwenyewe?

Kinyozi akamtazama Waziri. Waziri, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe pale, akatazama kahawa yake. Wote wakamgeukia Dobi.

Dobi hakuwahi kuliwaza hilo, na darasani halikuwa limetajwa. Akamwangalia mkewe kama anayemwona leo tu, akatabasamu.

— Sijui, alisema.

— Basi sogea, alisema mkewe, akachukua vifuniko viwili.