Dévote Ndayikeza, Mtunzi wa Moteti ya Maji

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu mliotoka Houston na ninyi wa hapa Fort Worth, Euless, Arlington na Carrollton, majirani na marafiki wote, mimi ni Faustine, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuyasoma maisha yake mbele yenu leo, Jumamosi tarehe 1 Februari 2020. Wazee waliniomba nipunguze makali, nimepunguza, na haya mtakayoyasikia ndiyo yaliyobaki.

Dada yetu Dévote Ndayikeza alizaliwa tarehe 9 Mei 1968 huko Makamba, kusini mwa Burundi, akiwa mtoto wa pili kati ya sita. Mwaka 1972, akiwa na miaka minne, alivushwa mto Malagarasi kuingia Tanzania, mgongoni kwa mama, maji yakimfika mama kifuani, na ingawa watu husema mtoto wa umri huo hakumbuki kitu, yeye alikumbuka baridi ya maji miguuni, na alikumbuka sauti za watu wazima wakiitana ndani ya ukungu, huyu anaanza, yule anampokea kabla hajamaliza, ili wasipotezane.

Alisoma shule ya msingi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, na mwaka 1981 akajiunga na kwaya ya watoto ya Sista Gertraud, mtawa Mjerumani aliyekuwa na sanduku la filimbi za mbao ziitwazo rekoda, nyingine fupi kama kijiko, nyingine ndefu kama mguu wa mtu. Kwa sista huyo alijifunza kusoma nota, kupiga rekoda za saizi zote, na kuimba muziki wa kanisa wa Ulaya wa miaka mia nne na mia tano iliyopita, wa akina Josquin, Palestrina na Victoria, misa na moteti zinazoimbwa bila kinanda, ambamo kila sauti ina njia yake na hakuna sauti iliyo mtumishi wa nyingine. Wapo waliouliza, wengine wamo humu ndani, mtoto wa mkimbizi alitafuta nini kwa Wazungu waliokufa zamani hivyo, na mimi nilimuuliza pia tukiwa wadogo, akanijibu, "Hawa watu wanaitana kama sisi mtoni." Sikumuuliza tena.

Baada ya shule alifundishwa ushonaji, akafanya kazi ya cherehani katika kituo cha masista, na tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Cassien, mnayemwona pale mbele, wakajaliwa watoto wawili, Inès aliyezaliwa 1992, na Claude aliyezaliwa 1995. Katikati ya mwaka 1993 walirudi Burundi kwa furaha, na kufika mwisho wa mwaka huohuo walikuwa wamekimbia tena, nyumba imeteketea na rekoda aliyopewa na sista imeteketea pamoja nayo, hivyo Claude alizaliwa kambini. Katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, dada alifundisha kwaya kwa miaka mingi bila ala na bila karatasi ya kutosha, akiandika nota kwa mkaa ukutani, na waimbaji wake wako leo Ohio, Kigoma, Australia na hapa.

Tarehe 11 Juni 2008 familia ilifika Fort Worth, hapa Texas, Marekani, na mwaka 2011 ikahamia apatimenti za Euless. Dada alifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli karibu na uwanja wa ndege, kisha mwaka 2014 akapata cheti cha uuguzi msaidizi na kuajiriwa katika nyumba ya kulea wazee, Arlington, alikokutana na dada Nyaboke, Mkenya, aliyekuwa akimchukua kwa gari lake kila walipopangwa shifti moja. Mwaka 2015 dada alijiunga na kikundi cha wapiga rekoda cha Carrollton, Wamarekani wengi wao wastaafu, na siku ya kwanza walipompa rekoda ya besi aliishika mapajani muda mrefu bila kuipiga, nao wakamwacha, hawakumharakisha, na kwa hilo tunawashukuru.

Katika mwaka 2017 alitunga moteti ya sauti tano, kwa maneno ya Zaburi, juu ya maji yanayomfika mtu shingoni. Hakuipa jina, sisi nyumbani tuliiita "ile ya maji". Aliitungia mezani jikoni, sufuria ikiwa motoni, na kila alipomaliza kipande alitujaribisha sisi, Inès sauti ya kwanza, yeye ya pili, Claude na baba yake katikati, na mimi besi, mara nyingi kwa simu nikiwa ghalani nashusha mizigo. Alikuwa anapiga na kusema, "Faustine, imba hii," anaimba, naimba, kisha anasema, "Umeingia mapema. Msubiri mwenzako aanze, halafu umpokee." Alipoimaliza mwezi wa Septemba, Inès alimwambia, "Mama, it's beautiful," na mama yake akamjibu kwamba bado sauti ya tatu inachechemea, akakaa tena akairekebisha.

Moteti hiyo aliipeleka kwenye kwaya ya jumuiya yetu, ambayo mwenyekiti wake ni ndugu Aimable. Simnyimi ndugu Aimable haki yake, yeye ndiye aliyezunguka na gari lake miaka mingi akikusanya waimbaji wasiojua kuendesha, na bila yeye kwaya ingekufa zamani. Kwa muda wa miezi minane dada aliifundisha kwaya hiyo moteti, sauti moja moja, akitoka kazini amechoka, kwa watu waliolalamika kwamba haina pa kupiga makofi, na wale wale walipoanza kusikia sauti zinavyopokezana wakaacha kulalamika.

Jumamosi tarehe 28 Julai 2018, katika kongamano la kwaya za Kikatoliki za Afrika Mashariki na Kati lililofanyika Houston, kwaya iliimba. Nilikuwepo, niliimba besi. Kabla hatujaanza, mshereheshaji alisoma karatasi aliyopewa na kwaya yetu, akasema, "Utunzi wake Mwalimu Aimable," ukumbi ukapiga makofi, na dada yangu akiwa safu ya pili, hatua mbili mbele yangu, aligeuka akanitazama, kisha akageuka mbele akaimba. Aliimba yote. Alisema baadaye kwamba kama angenyamaza, sauti ya pili ingeanguka, na kosa halikuwa la sauti ya pili.

Wakati wa chakula alimfuata mwenyekiti, mimi nikiwa nyuma yake na sahani mkononi, akamwambia kwa upole, "Mwenyekiti, jina limekosewa pale."

Ndugu Aimable akasema, "Dada Dévote, wimbo ni wa kwaya. Jina la mtu mmoja linaleta majivuno."

Dada akamuuliza, "Basi la kwako limefikaje?"

Mwenyekiti akatazama chakula chake, akasema, "Hayo tutaongea tukirudi Fort Worth."

Tulirudi, na Jumapili tarehe 19 Agosti kamati ilikaa. Dada hakuomba wamwombe radhi, hakuomba cheo, aliomba jina lake liandikwe chini ya kazi yake. Mjumbe mmoja alimwambia kwamba mwanamke aliyelelewa na masista anapaswa kujua unyenyekevu, na wengine wakatikisa vichwa kukubali, na walipomaliza wakamsimamisha kuimba kwa miezi sita kwa kosa la kuvuruga umoja. Mtu mmoja tu alisimama kumtetea, ndugu Ambilikile, Mtanzania, ambaye hakutoka kwetu wala hana ujomba na sisi, aliyesema, "Sote tulimwona akitufundisha. Tunamdanganya nani?" Naye aliondoka kwenye kwaya siku hiyo. Mimi niliondoka pamoja naye.

Dada alipenda kutusimulia kwamba Josquin alipofariki, wachapishaji waliendelea kuweka jina lake juu ya nyimbo za watu wengine, kwa kuwa jina lake liliuza, hata watu wa zama zile wakatania kwamba mzee anatunga zaidi akiwa kaburini kuliko alipokuwa hai, na alicheka kila aliposimulia. Baada ya Houston aliacha kuisimulia. Alisema anawafikiria wale wengine, wenye nyimbo, kwamba walikuwa na majirani, na majirani walijua nyimbo ni za nani.

Video ya Houston iliwekwa mtandaoni ikiwa na jina la ndugu Aimable kwa herufi kubwa, ikafika Bujumbura, ikafika Kigoma, watu wakampongeza naye akawashukuru. Dada aliiona kwa mara ya kwanza kwenye simu ya Nyaboke, wakiwa kazini, Nyaboke akimuuliza bila kujua, "Mama Inès, si hii ndiyo ile unaimbanga kwa gari yangu? Mbona wameandika jina la mwanaume?" Katika video hiyo walikuwa wameongeza kinanda juu ya sauti zetu, na sauti ya pili, ile yake, wameipunguza hadi haisikiki. Ndugu zangu, nilimjua dada yangu maisha yangu yote, nilimwona akipoteza nyumba, na siku hiyo ndiyo siku niliyomwona amekaa kwenye kochi na koti la kazini bado mwilini, hadi Cassien akamvua viatu.

Mwezi Machi 2019 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, ikiwa tayari imesambaa. Alitibiwa kwa dawa za saratani za kupitia mishipani hadi mwezi Oktoba, kisha akaomba kupumzishwa nyumbani. Katika miezi yote hiyo Baba Paroko alikuja, wazee wa Carrollton walikuja na rekoda zao wakampigia madrigali, nyimbo za kale zisizo za kanisa, sebuleni, wakimcheka Claude aliyepewa besi asiyoiweza, waimbaji wake wa Mtabila walipiga simu kutoka pembe zote za dunia, na kutoka kwenye kwaya aliyoifundisha miezi minane, iliyo umbali wa dakika ishirini kwa gari, hakuja mtu. Alifariki nyumbani Euless, Jumatano tarehe 22 Januari 2020, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Inès.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wauguzi wa nyumbani waliomfanya asiumie, majirani zetu wa apatimenti waliopika, na wafanyakazi wenzake wa Arlington, hasa dada Nyaboke aliyekuja kila siku baada ya shifti yake akamwosha kama mama yake mzazi. Tunawashukuru wana Carrollton. Tunamshukuru ndugu Ambilikile, ambaye gharama ya kusema ukweli aliilipa kwa kupoteza marafiki, na hajawahi kutukumbusha.

Sasa nimefika mahali wazee walipotaka ninyamaze. Kwaya iko hapa, kwa sare zake za bluu, zile alizozishona marehemu. Leo asubuhi ndugu Aimable alinifuata mlangoni, akaniomba waimbe ile ya maji kabla ya kwenda makaburini, akasema ndiyo zawadi pekee waliyo nayo. Nikamuuliza zawadi ya nani. Akasema ni ya kwaya. Ndugu zangu, mtu anabisha hodi kwenye msiba amebeba mali ya marehemu, anataka tumpokee kama mgeni mwenye zawadi.

Jibu langu mimi lilikuwa hapana. Nilitaka kinanda kitoke, sare zitoke, na mlango ufungwe. Lakini marehemu alikuwa mke wa mtu, na shemeji Cassien alitusikiliza sote pale ukumbini, kisha akasema, "Dévote hajawahi kumnyamazisha mtu anayeimba. Waimbe. Ila atajwe." Inès na Claude wamekubaliana na baba yao, nami nimetii, na uamuzi wa familia ni huu ninaousoma. Moteti itaimbwa bila kinanda. Sauti ya pili, ile ya mama yake iliyopunguzwa kwenye video, ataiimba Inès. Ambilikile na mimi tutarudi kwenye besi kwa leo tu. Na kabla sauti ya kwanza haijaanza, ndugu Aimable atakuja hapa niliposimama, mbele ya jeneza hili na mbele ya watu waliotoka Houston waliomsikia akipigiwa makofi, atasema moteti hii ilitungwa na nani. Jina ni maneno mawili, kila mmoja wenu analijua. Asipoweza, wana kwaya watavua sare alizowashonea, waziache kwenye benchi, na sisi wanne wa nyumbani, pamoja na Ambilikile, tutaimba wenyewe kama ilivyoimbwa jikoni.

Hayo ndiyo maisha ya dada yangu. Naenda kukaa, na kipaza sauti nakiacha wazi. Mwenyekiti, njoo. Dada Dévote, wewe pumzika, kazi yako umeimaliza vizuri na amani umeistahili. Sisi tuliobaki humu ndani bado hatujaifikia amani hiyo, tunamsubiri mtu aseme jina lako.