Marehemu Ladislaus Ambrosi Nammole, Meneja Aliyemwacha Suleimani

Baba Padri, Sheikh wetu kutoka Lisekese, wazee, ndugu, majirani na wanamichezo wa Masasi na Newala, familia imeona tumweleze marehemu kama alivyokuwa, na kwa kuwa wengi wenu mliwahi kugombana naye juu ya usajili, sehemu hiyo nayo hatutairuka.

Marehemu Ladislaus alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapahapa Makote, mtoto wa tatu wa mzee Ambrosi Nammole na mama Julia, wakulima wa korosho na mihogo, akasoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya Chidya, alikomaliza mwaka 1976 akiwa beki wa kawaida tu, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulikataa. Mwaka 1978 alihamia Masasi kujifunza ufundi wa magari, akatengeneza malori ya korosho miaka mingi, hadi alipofungua gereji yake Lisekese. Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Severina, wakajaliwa watoto watatu, Bibiana, Alfredi na Julia.

Mwaka 1998 wananchi walimpa umeneja wa timu ya Tai wa Lisekese, kazi isiyo na mshahara, ambayo ugumu wake ulikuwa kuchagua vijana kwenye majaribio ya kila mwanzo wa msimu. Mwaka 2004 ilibaki nafasi moja, waliokuwa wakiigombea ni wawili, Suleimani, mshambuliaji aliyekuwa akiuinua uwanja mzima kila agusapo mpira, na Kurwa, beki mzito asiyejulikana na mtu, na marehemu akamchukua Kurwa. Suleimani akaenda kuchezea Newala, wakakutana mechi ya mwisho, akawafunga Tai magoli mawili, ndoto ya kupanda daraja ikaishia hapo.

Kwenye mkutano wa timu, mzee Nurdini, aliyekuwa mwenyekiti, alimuuliza mbele ya watu, "Ladislaus, hebu tuambie, kwa huyu Kurwa uliona nini?" naye akajibu, "Niliona mtu anayerudi kukaba hata tukiwa tumeshafungwa," watu wakamzomea, wengine wakataka aondoke siku hiyohiyo. Nyumbani Severina alimuuliza kama kweli kosa halioni, akamwambia, "Mama Bibiana, naliona, ila nikilisema sasa hivi, Kurwa hatacheza tena Lisekese." Akanyamaza, akabeba lawama msimu hadi msimu, sokoni wakimtania na gereji wakimtania, na Kurwa akacheza.

Suleimani alifika hadi Dar es Salaam, lakini mwaka 2008 goti lilimwangusha, klabu ikamwacha, akarudi Newala akawa hatoki nje. Marehemu aliposikia alipanda pikipiki akamfuata, na baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Nimekuja kukusajili." Suleimani akamjibu, "Mzee, goti hili halikimbii," naye akasema, "Nani kakwambia ukimbie? Nataka uwafundishe hawa wangu kufunga." Lisekese walisema meneja amechanganyikiwa, alimwacha akiwa mzima, anamsajili akiwa mgonjwa, na ni kweli kwamba Tai hawakupanda daraja mwaka ule wala hadi alipong'atuka mwaka 2016, lakini Suleimani alitoka ndani, akafundisha, akamwoa Shakila, na bado ndiye kocha.

Novemba 2023 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikakataa, ulimi ukawa mzito. Siku moja mwezi Mei, Kurwa na Suleimani wakiwa wamekaa kitandani pake, Suleimani alimuuliza jambo alilolinyamazia miaka ishirini, "Mzee, mimi uliniacha kwa nini?" Marehemu alichukua muda kuyapanga maneno, akasema, "Wewe nilikukosea, mwanangu. Niliona unapenda kushangiliwa, nikadhani ni majivuno, kumbe ilikuwa furaha tu." Kurwa akainuka ili awapishe, marehemu akamshika shati kwa mkono uliobaki na nguvu, akasema, "Na wewe kaa. Wewe sikukukosea." Suleimani alicheka huku analia, akasema, "Basi mzee, yameisha."

Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, alfajiri, aliaga dunia nyumbani kwake Lisekese, mkewe akiwa pembeni yake, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomgeuza na kumwogesha kama baba yao, mafundi wenzake wa gereji, na uongozi wa Tai. Ninyi aliowasajili, asanteni kwa kumvumilia. Ninyi aliowaacha, na tunawaona mko wengi hapa, tunawaomba radhi kwa niaba yake, na mjue kwamba kila mlikokwenda kucheza alikuwa akiulizia matokeo yenu, mkishinda anafurahi, halafu anakwenda kukaa peke yake kidogo.

Upumzike kwa amani, Baba Bibiana.