Ombi la Meza ya Kupimia Damu katika Duka la Dawa la Mtaani

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu. Mwalimu wetu, mfamasia, majirani na ndugu zetu.

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama. Sisi ni watu wazima tunaosoma jioni. Wengine tumeanza kusoma tukiwa na wajukuu, hivyo msomaji wetu akikwama, tunaomba umvumilie.

Tulikotoka

Darasa letu limepakana na duka la dawa. Mwalimu alipotufundisha kusoma maandishi ya pakiti za dawa, alitupeleka kwa mfamasia. Huko tukaiona meza nyuma ya pazia, ambako muuguzi alikuwa akipima sukari na wingi wa damu. Wengi wetu hatukuwahi kupimwa damu ila siku ya kuzidiwa.

Mafanikio

Hatutaficha kwamba tulianza vibaya. Muuguzi alitwambia tuje bila kula. Sisi watu wa maombi tukaelewa kufunga. Tukachagua siku, tukashinda bila chakula wala maji, na jioni tukajipanga mbele ya pazia kwa moyo mweupe. Mama Vishikizo, mshonaji tunayesoma naye, alikuwa amekwisha kumeza dawa yake ya sukari asubuhi. Miguu ikamwishia nguvu, akakaa sakafuni.

"Shangazi, umekula saa ngapi?" muuguzi alimuuliza, huku akimkorogea sukari kwenye maji.

"Jana, mwanangu. Si mlisema tufunge?"

"Tulisema mlale bila kula, mje asubuhi. Na maji ruksa."

"Basi Mungu ameshapata mfungo wake. Nyinyi chukueni damu iliyobaki."

Tulicheka, naye akacheka. Lakini kipimo kilionyesha sukari imeshuka mno. Tangu hapo muuguzi alimpima kila wiki na kupeleka majibu kwa daktari wake hospitalini, ambaye alimbadilishia dozi. Hakuanguka tena.

Changamoto

Mwezi uliopita ofisi yako iliagiza meza isitumike mpaka ikaguliwe. Hatupingi, damu si kitu cha kuchezea. Ila mkaguzi hajafika mpaka leo.

Hospitali tunaiheshimu, lakini foleni yake hula siku nzima, na Mama Vishikizo ana mume aliyepooza, hana wa kumwachia. Kwa hiyo ameacha kupima. Juzi darasani alishindwa kusoma mstari aliouandika ubaoni mwenyewe. Alisema miwani imechafuka. Akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaifuta tena. Tuliinamisha vichwa tukamwombea.

Maombi

Tunaomba ukaguzi ufanyike. Kasoro ikionekana, tunaomba wahusika waelekezwe namna ya kuirekebisha. Tunaomba pia duka liruhusiwe kupima alfajiri, kabla hatujaingia makazini.

Mgeni rasmi, Mama Vishikizo amekaa mstari wa mbele. Alitukataza tusimtaje. Tumemtaja kwa sababu tunampenda, na kwa sababu hatujui macho yake yatasubiri mpaka lini. Muuguzi yuko hapa, na ufunguo wa duka anao mfamasia. Tunakuomba, kabla hujapanda gari, uingie uikague meza hiyo mwenyewe. Ukiridhika, tunaomba dada yetu apimwe leo, wewe ukiwapo.

Mungu akuzidishie afya na hekima, aibariki nyumba yako na mikono ya wote wanaohudumia wagonjwa. Amina.

Ni sisi wanafunzi,
Darasa la Jioni la Watu Wazima