Nane Iliyolala Mlangoni kwa Dobi

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka ghafla. Linatazamana na duka la dobi, ng'ambo ya barabara, na kila alasiri hukaliwa na watu ambao hakuna aliyewaajiri kufikiri, ila hawajawahi kukosa kazini. Spika ni dereva wa pikipiki. Sauti ndiyo iliyompa jina. Daktari anauza sumu ya panya, na kwa kuwa hakuna mgonjwa wake aliyewahi kurudi kulalamika, cheo kimemkaa. Brashi anachora mabango, na siku hiyo ndiye aliyekuja na jambo. Aliweka kopo la rangi chini, akapokea kikombe chake kwa muuza kahawa, akashusha pumzi.

Duka lile ni la dada yake. Anayepiga pasi humo ni mdogo wao wa mwisho, mtu mzima mwenye usonji, ambaye mtaa unamwita Mnyoofu, kwa nguo na kwa maneno. Juzi mteja mmoja aliingia akamwuliza habari za nyumbani, bei ya shuka na koti lake liko wapi, yote kwa pumzi moja. Mnyoofu akanyamaza. Mteja akapiga kaunta kwa kiganja, akafoka kwamba huyu kijana ana dharau. Mnyoofu akaziba masikio, akaingia stoo, na siku ile hakutoka tena. Jioni dada akatoa amri: Brashi achore alama ya usonji mlangoni, watu wajue.

— Sasa alama zenyewe zipo mbili, Brashi alisema. Kuna kipande cha fumbo, kama vile vya mchezo wa kuunganisha picha. Halafu kuna nane iliyolala, ya rangirangi.

— Imelala kwa nini? Spika akauliza. Inaumwa?

— Haiumwi, bwana wee. Maana yake haina mwisho. Kwamba watu tuko namna nyingi, zisizo na kikomo.

— Mlangoni kwa dobi? Mteja atajua ni nguo yake ndiyo haina mwisho wa kusubiriwa!

— Mimi hapo naona miwani, Daktari akasema. Watakuja watu kupima macho.

— Basi nichore kipande.

— Kipande nacho! Kwa mbali ni biskuti iliyong'atwa, Spika alisema. Halafu wahenga wameshasema, fumbo mfumbie mjinga. Kwa hiyo kila anayeingia humo ni mjinga? Unatukana wateja kwa rangi ya mafuta, kaka.

Brashi akawaeleza kwamba hata wenye uchungu hawakubaliani. Kwenye kikundi cha wazazi anakokwenda dada yake, mama mmoja amebandika kile kipande kwenye mtandio wake tangu mwanawe alipogunduliwa kuwa na usonji. Ndicho kilichomfanya mwanamke mwingine, kwenye foleni ya hospitali, amguse bega na kumwambia, "Hata wangu." Leo ni kama ndugu. Mama wa pili akikiona hukasirika. Anasema, "Mwanangu si picha iliyopotelewa kipande. Yuko mzima, ni ninyi mliokosa macho." Mkutano mzima uliisha wamenuniana.

— Vita vya panzi furaha ya kunguru, Spika akasema, akitikisa kichwa kwa hekima.

— Kunguru ni nani hapo?

— Usinichimbe, Daktari.

— Paka rangi ya buluu mlango mzima, yaishe, Daktari akasema. Nimesikia nayo ni yao.

— Wengine wanaikataa, Brashi alisema. Wanataka dhahabu.

— Dhahabu wezi watang'oa mlango! Spika akadakia. Sikiliza nikupe darasa. Chukua nane, ilaze juu ya kipande, kipande kiweke juu ya buluu, pembeni zungushia dhahabu, halafu funga king'ora. Mteja akikanyaga tu kizingiti, kinalia. Hapo nani atasema hakujua?

— King'ora mteja anaweza kudhani ni moto, Daktari akapinga, naye akasimama kabisa. Dawa ni muhuri. Kila shati analopiga pasi litoke na alama mgongoni. Mji mzima uvae! Mficha maradhi kifo humuumbua.

— Si maradhi, Daktari!

— Methali haichagui.

Sasa wote watatu walikuwa wanasema kwa pamoja, na Brashi, tuseme kweli, alikuwa anaona raha. Hakumwona mdogo wake akivuka barabara, jambo ambalo Mnyoofu hakuwahi kulifanya. Walimshtukia amesimama upande wa tofali, anatazama kopo la rangi.

— Kaka, mnapiga kelele. Mnanitaja.

— Tunakutafutia alama, mdogo wangu. Nichore pale mlangoni.

— Ya nini?

— Watu wakiiona wajue una usonji.

— Wakishajua, watafanya nini?

Daktari alichungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Muuza kahawa akainamisha birika ili angalau wapate cha kunywa, likadondosha tone moja.

Brashi alijisikia vibaya. Maisha yake yote ameandika USIKOJOE HAPA, MBWA MKALI, FUNGA GETI. Kila ukuta aliougusa ulimwambia mtu cha kufanya, isipokuwa huu wa ndugu yake wa damu, aliotaka kuuwekea pambo.

— Wewe unataka wafanye nini? akamwuliza.

Spika alitaka kudakia, Brashi akamnyooshea kiganja. Lori likapita. Mnyoofu alikuwa anatazama vidole vyake, na kimya kile kiliwawasha wenzake kama upupu, lakini walikaa nacho.

— Waulize swali moja, alisema mwishowe. Wasubiri. Wasipige kaunta.

Akageuka, akarudi kwenye pasi yake. Kahawa ilikuwa imekwisha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika.

Brashi aliandika siku ileile, ukutani kando ya mlango, nyeusi juu ya nyeupe, kwa herufi zake kubwa kuliko zote: ULIZA SWALI MOJA. SUBIRI JIBU. USIPIGE KAUNTA. Dada yao alitoka akayasoma, akasema mbona alama hakuna, kisha akayasoma tena, akarudi ndani.

Kesho yake Spika alivuka kufuata suruali. Benchi zima lilimwona akisoma ukuta huku midomo ikicheza, kisha kupitia dirisha likamwona akiuliza, halafu akasimama amekunja mikono kama mtu anayeng'olewa jino. Aliporudi alikuwa na suruali begani.

— Vipi, amekujibu?

— Amenijibu. Na yeye akaniuliza.

— Amekuuliza nini?

— Kama hii suruali ni yangu kweli, maana anaona ni ndogo.

Daktari aliangua kicheko, akashika tofali.

— Ukamwambiaje?

— Ngoja, alisema Spika. Bado nafikiri.